Neno "Hutibu" Kwenye Chupa

Kwa muda mrefu wahakiki wetu wamejishughulisha na riwaya, tamthilia na mashairi, na kazi hiyo ni njema. Lakini ipo aina moja ya maandishi ambayo husomwa na watu wengi kuliko riwaya zetu zote, nayo haijapata mhakiki. Nayazungumzia maandishi ya dawa za miti shamba: karatasi iliyobandikwa kwenye chupa, kipeperushi kinachogawiwa stendi ya mabasi, tangazo la redioni, na siku hizi ujumbe unaozunguka kwenye simu. Mtu aliyetumia umri wake kuwafunza walimu namna ya kufundisha kusoma hawezi kuyapita maandishi hayo kana kwamba hakuyaona. Katika insha hii nakusudia kuyahakiki yale yanayohusu ugonjwa mmoja tu wa wanawake, ule unaojulikana kwa herufi nne za Kiingereza, PCOS, na mimea inayosemwa kuwa ni dawa yake. Mimi si tabibu wala mganga, na sitoi dawa. Nahakiki lugha, na yale ambayo lugha hiyo inayafunua au kuyaficha.

Tuanze na kitenzi. Karibu kila karatasi ya namna hii imejengwa juu ya vitenzi vya hu-: hutibu, husafisha, huyeyusha, hurekebisha, husaidia. Kila aliyesoma sarufi anaijua tabia ya kiambishi hiki. Hakichukui nafsi, wala hakionyeshi wakati. Ndicho tunachokitumia kusema kwamba jua huchomoza mashariki na maji huteremka bondeni, yaani mambo yasiyohitaji shahidi. Sasa tazama kinachotokea kitenzi hicho kinapohamishiwa kwenye chupa. Dawa hii hutibu. Ilimtibu nani? Wangapi? Lini? Walikunywa kiasi gani, kwa siku ngapi? Na wangapi walikunywa wasipone? Maswali yote hayo yamezimwa na herufi mbili. Tena, kwa ajabu ya lugha yetu, neno hilo hilo "hutibu" ndilo tunalomwambia mtu tukitaka kusema kwamba wewe si mtibu, wewe hutibu. Msomaji mwangalifu na azikumbuke maana zote mbili.

Kinyume cha hu- hiyo ni -li-. Anayesema "walikunywa, wakapona" amejifunga. Amekubali kuulizwa ni akina nani na walikuwa wangapi. Hoja yangu yote katika insha hii ni hiyo tu: mmea usihukumiwe kwa kuwa ni mmea, wala usisifiwe kwa kuwa ni mmea; ushuhuda wake uandikwe kwa wakati uliopita, na uhesabiwe.

Jambo la pili ni jina. Kiswahili hakijapata jina moja la ugonjwa huu lililokubalika kwa wote. Vipeperushi huuita "uvimbe kwenye mayai" au "vivimbe vya ovari", kisha vikaahidi kuviyeyusha. Kosa hili si la mwandishi wa kipeperushi peke yake, amelirithi. Mwaka 1935 madaktari wawili wa Chicago, Irving Stein na Michael Leventhal, walieleza habari za wanawake 7 waliokuwa na ovari kubwa zilizojaa vijifuko. Walikata kipande cha ovari za kila mmoja. Hedhi za wote 7 zikarejea, na 2 kati yao wakapata mimba. Basi kwa kuwa kilichoonekana kwa macho kilikuwa vijifuko, ugonjwa ukapewa jina la vijifuko.

Lakini vijifuko hivyo si uvimbe. Kila kimoja kimebeba yai changa ambalo lilianza kukua likasimama njiani. Mwanamke asiyeumwa naye anavyo, ila si vingi kiasi hicho. Tatizo lenyewe liko kwenye homoni. Mwili una androjeni, yaani homoni za kiume, kupita kawaida. Na kwa wengi insulini haifanyi kazi yake sawasawa, hivyo mwili unatengeneza insulini nyingi zaidi, na insulini hiyo nayo inaichochea ovari itoe androjeni. Ndiyo maana hedhi inapotea miezi, ndevu zinaota kidevuni, chunusi hazikauki, na mimba haishiki. Wataalamu waliokutana Rotterdam, Uholanzi, mwaka 2003 walikubaliana kwamba mwanamke atahesabiwa kuwa na ugonjwa huu akiwa na mambo mawili kati ya matatu: yai kutokomaa kwa utaratibu, dalili za androjeni kuzidi, na vijifuko vingi vinavyoonekana kwenye altrasaundi, na hayo baada ya kuhakikisha kwamba hana ugonjwa mwingine unaofanana na huu. Maana yake ni kwamba mtu anaweza kuwa mgonjwa bila vijifuko hivyo kuonekana kabisa. Mwaka 2012 jopo lililoitishwa na Taasisi za Taifa za Afya za Marekani lilishauri hata jina la Kiingereza libadilishwe, kwa sababu linawapotosha watu.

Sasa mtu anayeahidi kuyeyusha uvimbe wa PCOS anaahidi kuondoa kitu ambacho si uvimbe na ambacho si chanzo cha maradhi. Ni kama fundi anayeahidi kuziba madoa ya unyevu ukutani bila kupanda kutazama paa. Hapo kabla hatujaufikia mmea wenyewe, maneno yamekwisha kumpoteza msomaji.

Jambo la tatu ni shamirisho. Hutibu nini? Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba takribani mwanamke 1 kati ya kila 10 walio katika umri wa kuzaa ana ugonjwa huu, na wengi wao hawajui. Katika wanawake hao mmoja anataka mtoto. Mwingine ana miaka 19, hana haraka ya mtoto, anataka ndevu zimwondoke ili aweze kukaa mbele ya darasa. Wa tatu hakuona hedhi kwa miezi minane, na kwake hatari ni nyingine: ukuta wa mji wa mimba usiposafishwa na hedhi kwa muda mrefu huzidi kunenepa, na kwa baadhi huweza kuishia kwenye saratani. Wa nne ananyemelewa na kisukari. Dawa inayofaa kwa mmoja yaweza isimfae mwenzake. Kipeperushi hakitaki kujua. Kinawaweka wote wanne kwenye sentensi moja na kuwauzia chupa moja.

Haya si mambo ya nadharia. Miaka michache iliyopita alinijia mwalimu mmoja niliyemfundisha zamani. Alikuwa ameolewa miaka saba bila kupata mtoto. Baada ya shikamoo na marahaba alitoa mkobani chupa tatu na karatasi zake akaziweka mezani.

"Mwalimu, wewe ndiye uliyetufundisha kusoma kwa makini," akaniambia. "Hapa wameandika husaidia. Je, ndiyo kusema kwamba itanisaidia mimi?"

Nilimwambia kwamba kwa sarufi tu, hapana; karatasi haikuwa imesema lolote juu yake. Akaniambia amekunywa dawa hizo miaka miwili, na kila ilipoisha chupa aliambiwa mwili bado unasafishwa. Nikamuuliza kama mumewe amepimwa.

"Mwalimu, yeye anasema kwao hakuna mgumba."

Nilimshauri waende hospitali pamoja, wawili. Lakini swali lake sikuliacha pale. Nilitafuta taarifa za watafiti juu ya mimea hii na kuzisoma kama nilivyokuwa nikisoma insha za wanachuo, nikiwa na kalamu nyekundu. Msomaji asidhani kwamba taarifa za kisayansi zilisalimika na kalamu hiyo.

Chukua mdalasini, ambao sisi tunaupanda Unguja na Pemba. Mwaka 2014 watafiti wa New York walitangaza jaribio lao. Wanawake 45 wenye ugonjwa huu waligawanywa kwa bahati nasibu, baadhi wakapewa mdalasini gramu 1.5 kwa siku na wengine kidonge bandia kisicho na kitu, kwa miezi 6. Waliopewa mdalasini walipata hedhi mara nyingi zaidi kuliko wenzao. Hiyo ni habari njema, na imeandikwa kwa -li-. Lakini soma hadi mwisho: kati ya 45 walioanza, waliofika mwezi wa sita walikuwa 17. Androjeni hazikubadilika, wala insulini haikubadilika. Kwa hiyo tunaweza kusema kwamba upo mwanzo wa ushahidi kuhusu hedhi. Kuhusu ndevu, kuhusu kisukari, na kuhusu mtoto, jaribio hilo halikutupa kitu cha kushika. Watafiti wenyewe waliuita ushahidi wa awali, na hapo nawapa alama nzuri. Kwenye kipeperushi ushahidi huo wa awali umekwisha kuwa "mdalasini hurekebisha homoni".

Chukua nanaa. Mwaka 2010 ilitolewa taarifa ya jaribio lililofanyika Uingereza kwa wanawake 42. Baadhi walikunywa chai ya nanaa mara mbili kwa siku kwa siku 30, wengine wakanywa chai ya majani mengine. Testosteroni katika damu ya wanywaji wa nanaa ilishuka. Wenyewe walipoulizwa, walisema wanajiona nafuu kuhusu nywele. Lakini waliowapima nywele kwa macho na kwa alama hawakuona tofauti ya maana. Siwacheki wanawake hao. Nywele hukua polepole, na siku 30 ni chache mno kuamulia jambo la ndevu. Funzo ni kwamba namba ya maabara inaweza kushuka wakati kidevu kiko vile vile, na mgonjwa hakuja kwa sababu ya namba.

Chukua uwatu, ambao mama zetu waliutia kwenye uji wa mzazi. Mwaka 2015 ilichapishwa taarifa kutoka India: wanawake 50 walipewa vidonge vilivyotengenezwa kwa mbegu za uwatu kwa siku 90. Ikasemwa kwamba kwa asilimia 46 vijifuko vilipungua, kwa asilimia 36 vilitoweka kabisa, na asilimia 12 walipata mimba. Mtu akisoma haraka atashangilia. Lakini wote 50 walipewa uwatu. Hakukuwa na kundi la kulinganisha. Vijifuko vya ovari, kama nilivyoeleza, huja na kuondoka. Na wanawake wenye ugonjwa huu hawajafungwa kabisa, baadhi hupata mimba bila dawa yoyote. Basi katika hao 6 waliopata mimba, wangapi wangeipata hata kama wangekunywa maji matupu? Taarifa haiwezi kujibu, kwa sababu hakuna aliyepewa maji matupu. Mwanachuo akiniletea insha ya namna hii ningemwandikia pembeni: umetueleza yaliyotokea, hukutueleza yaliyosababishwa.

Kufikia hapa wapo watakaofurahi na kusema, tuliwaambia, mitishamba ni ushirikina. Hao nao nina neno nao, kwa kuwa dharau yao haina ushahidi zaidi kuliko sifa za muuza chupa. Katika dawa ambazo madaktari huwaandikia wagonjwa wa PCOS imo metformini, ile ile ya kisukari. Ukoo wake unarudi kwenye mmea wa Ulaya uitwao Galega officinalis, uliotumiwa na waganga wa zamani, na ambao wafugaji waliuogopa kwa sababu unaua mifugo. Ndani yake kuna kemikali inayoshusha sukari, lakini ni sumu. Mwaka 1922 Emil Werner na James Bell walitengeneza metformini mjini Dublin, kemikali ya ukoo huo huo iliyo pole zaidi. Ilikaa kabatini miaka mingi hadi daktari Mfaransa, Jean Sterne, alipoeleza mwaka 1957 jinsi alivyoitumia kwa wagonjwa wa kisukari. Na mwaka 1994 madaktari wa Venezuela wakaeleza matumizi yake kwa wanawake wenye PCOS. Mmea ulikuwa na siri kweli. Lakini tangu sumu ya malishoni hadi kidonge cha PCOS ilipita miaka 72 tukihesabu tangu ile kazi ya Dublin, na katika njia hiyo watu walipima, wakatenganisha, wakapunguza, wakapima tena.

Na metformini yenyewe haikusamehewa maswali. Mwaka 2007 yalitangazwa matokeo ya jaribio kubwa la Marekani lililohusisha wanawake 626 wenye ugonjwa huu waliotaka watoto. Kipimo hakikuwa vijifuko, wala homoni, wala hedhi. Kilikuwa mtoto aliyezaliwa hai. Waliopewa dawa ya klomifeni walijifungua asilimia 22.5. Waliopewa metformini peke yake walijifungua asilimia 7.2. Waliopewa zote mbili, asilimia 26.8, na tofauti kati yao na wale wa klomifeni peke yake ilikuwa ndogo kiasi kwamba yaweza kuwa bahati tu. Kwa hiyo dawa iliyokuwa ikisifiwa iliambiwa mbele ya watu wote: kwa sukari wewe ni hodari, kwa mtoto umezidiwa. Ingawa ina kiwanda, daktari na cheti, iliulizwa swali lile lile ninalotaka chupa ya mitishamba iulizwe. Huo ndio usawa, na sioni kwa nini jani lichukie kupewa heshima hiyo.

Upo mmea mmoja ambao umeshaulizwa hivyo. Vichaka vya jamii ya Berberis vina magome na mizizi ya manjano. Jamii yake moja, Berberis holstii, huota katika nyanda za juu za Afrika Mashariki. Kiini chake huitwa berberini, nacho kimetumika China na India tangu zamani, hasa kwa kuhara. Mwaka 2016 Wachina walitangaza jaribio la wanawake 644 wenye PCOS waliotafuta mtoto. Kundi la kwanza lilipewa letrozoli, dawa ya hospitali inayoamsha yai; la pili berberini; la tatu vyote viwili. Kila aliyekosa dawa moja alipewa kidonge bandia mahali pake, asijue kipi ni kipi. Waliojifungua watoto hai walikuwa asilimia 36 kwa letrozoli, asilimia 22 kwa berberini, na asilimia 34 kwa zote pamoja.

Tuzisome namba hizo kwa haki. Berberini ilizidiwa na letrozoli waziwazi, na ilipoongezwa juu yake haikuzidisha kitu. Hata hivyo 22 si sifuri. Ila kwa kuwa hapakuwa na kundi lililopewa vidonge bandia vitupu, hatuwezi kusema ni wangapi kati ya hao 22 wanadaiwa na berberini. Naipenda taarifa hii kuliko zote nilizozitaja, si kwa sababu mmea ulishinda, maana haukushinda, bali kwa sababu uliheshimiwa. Ulipewa wanawake wa kutosha, mpinzani wa kweli, na kipimo ambacho ndicho kilichowaleta wanawake hospitali. Tena ina onyo ambalo kipeperushi hakiliandiki: berberini haifai kwa mjamzito, kwani inaweza kuzidisha manjano kwa mtoto mchanga na kumdhuru ubongo. Fikiri basi, mama anakunywa dawa ili apate mimba, mimba inashika bila yeye kujua, naye anaendelea kunywa kwa sababu chupa haijaisha.

Hapo tumefika kwenye neno ambalo maandishi ya chupa hulikwepa kuliko yote, nalo ni kiasi. Watanzania tunaukumbuka mwaka 2011, watu walipomiminika kwenda Samunge, Loliondo, kwa Mchungaji mstaafu Ambilikile Mwasapila, tuliyemwita Babu. Magari yalipanga foleni ya kilometa nyingi, na wapo waliofia njiani. Kila mtu alipewa kikombe kimoja cha dawa ya mti wa mugariga kwa shilingi 500: mwenye kisukari kikombe kimoja, mwenye pumu kikombe kimoja, mwenye virusi vya ukimwi kikombe kimoja. Babu alifariki mwaka 2021, na sitaki kumsema vibaya marehemu ambaye hakumpora mtu, kwani shilingi 500 si bei ya mwizi. Nataka tu msomaji aone kwamba kikombe kilikuwa ni ishara ya imani, hakikuwa kipimo. Dawa ina kipimo. Mdalasini tulioutaja una jamii mbili sokoni. Ule wa asili ya Sri Lanka, ambao ndio tunaoupanda Zanzibar, una kumarini kidogo sana. Ule wa China una kumarini nyingi, nayo ikizidi huweza kudhuru ini. Unga wake ukisagwa, mtu wa kawaida hatautambua kwa macho. Kijiko kimoja kwenye chai hakina neno. Vijiko vitatu kila siku kwa mwaka mzima ni jambo jingine, na karatasi isiyosema ni mdalasini gani na kiasi gani haijasema kitu.

Serikali yetu haikuipuuza tiba asili. Pale Muhimbili utafiti wa dawa za asili ulianza tangu mwaka 1974, na mwaka 2002 ikatungwa Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala, ambayo kwayo lipo Baraza la kusimamia kazi hiyo. Ni hatua nzuri. Lakini muuza dawa akikuonyesha namba ya usajili, fahamu kwamba kusajiliwa ni kujulikana ulipo na kile unachokiuza. Si sawa na kuthibitishwa kwamba wagonjwa 100 walikunywa na kadhaa wakapona. Ni sawa na shule: kibali cha kuifungua hakijawahi kumfaulisha mtoto mtihani.

Yupo atakayesema kwamba nawanyima wanawake tumaini. Namjibu kwamba tumaini linaloiba muda ni wizi. Mwanamke mwenye PCOS ana nafasi halisi. Kwa aliyenenepa, kupunguza hata sehemu ndogo ya uzito kwaweza kurudisha hedhi. Letrozoli, ambayo kwanza ilitengenezwa kwa ajili ya saratani ya matiti, ilishindanishwa na klomifeni huko Marekani kwa wanawake 750, na mwaka 2014 ikatangazwa kwamba waliojifungua ni asilimia 27.5 dhidi ya 19.1. Hizi si ahadi za muujiza. Zaidi ya nusu ya wanawake hao hawakupata mtoto katika muda wa jaribio. Lakini ni namba ambazo mtu anaweza kuzichukua mkononi na kuamua. Mayai ya mwanamke hayamsubiri. Miaka miwili ya kusafisha mwili kwa chupa, akiwa na umri wa miaka 34, ni miaka ambayo hakuna atakayemrudishia, na mara nyingi ni miaka ambayo mume wake hakupimwa, mawifi wameanza kunong'ona, na jina la tasa limekwisha kuandaliwa. Chupa inampa mume na ukoo kisingizio kizuri: shughuli inaendelea, mkosaji anajulikana, tusubiri. Hicho ndicho kinachonikera zaidi katika maandishi haya. Yanazungumza na mwanamke peke yake, kana kwamba mimba ni kazi ya mtu mmoja.

Basi ningependa siku moja nisome karatasi ya dawa iliyoandikwa namna hii: Huu ni mdalasini wa Pemba. Wanawake 200 wenye hedhi inayopotea walipewa kiasi fulani kwa siku, kwa miezi fulani. Wengine 200 walipewa unga usio na kitu. Hawa walipata hedhi mara ngapi, na wale mara ngapi. Waliopata watoto ni kadhaa hapa na kadhaa kule. Walioacha kwa sababu ya madhara ni kadhaa. Asinywe mjamzito, wala anayetumia dawa za kisukari kabla ya kumwona daktari. Kama hujaona mabadiliko baada ya miezi mitatu, acha, nenda hospitali, na mwenzio aende.

Karatasi hiyo haitakuwa na hu- hata moja, na najua haitapendeza macho ya wauzaji. Ila haishindikani kuandikwa. Mimea tunayo, vyuo vya kuipima tunavyo, na wanawake walio tayari kusaidia utafiti kwa sababu wameteseka vya kutosha, hao hawakosekani. Wanaokosekana ni wasomaji wanaodai. Kwa hiyo, msomaji wangu, ukiletewa chupa kesho, wewe au binti yako, kabla hujauliza bei uliza mambo manne: walipewa wangapi, walilinganishwa na nani, kilipimwa nini, na kiasi gani. Muuzaji mwaminifu atakwambia kwamba hana majibu yote, na huyo unaweza kuendelea kuzungumza naye. Atakayekujibu kwa neno "hutibu" peke yake, mrudishie chupa yake kwa adabu.